Shujaa Mwasi na Mwuaji Wake: Fumo Liyongo na Jesse James

Mtazamaji aliyezoea vibanda vya video vya Kasanda, Kibondo au Kasulu, kama mwenzake wa kwingineko Tanzania, huketi mbele ya filamu akiwa na kanuni moja: stelingi hafi. Filamu ya kikauboi The Assassination of Jesse James by the Coward Robert Ford, iliyoongozwa na Andrew Dominik mwaka 2007, inaivunja kanuni hiyo tangu kwenye anwani, kwa kuwa inamtaja mwenye kufa, mwenye kuua, na hata hukumu ya uoga aliyopewa mwuaji. Taharuki yake, basi, haimo katika swali la nani atakufa, bali kwa nini mtu amuue yule anayemtukuza. Sehemu hii inalichunguza swali hilo kwa kuilinganisha filamu hiyo na Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Kazi hizi hazina uhusiano wa kihistoria. Ulinganishi wetu ni wa kimuundo. Hoja yetu ni kwamba imani juu ya shujaa haivunjwi na udhaifu wa shujaa peke yake. Huvunjwa pia na matamanio ya wanaomtukuza, kisha jamii humbebesha mtu mmoja lawama ya wote.

Mashujaa wote wawili wanaishi nje ya sheria ya mtawala. Liyongo anatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kisha anaishi msituni. Jesse James ni mnyang'anyi wa benki na treni. Wote wawili wanashindikana kwa nguvu, hivyo mtawala anamtumia mtu wa karibu. Mwana wa Liyongo anaahidiwa uwaziri na ndoa. Robert Ford anaahidiwa msamaha na fedha. Mwuaji hathubutu kumkabili shujaa ana kwa ana: Liyongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, naye Jesse anapigwa risasi kwa nyuma. Lenye uzito zaidi ni kwamba shujaa mwenyewe anafungua mlango. Liyongo anatambua kuwa mwanawe amehadaiwa, lakini anamwambia siri ya kifo chake. Katika filamu, Jesse anavua mkanda wa bastola na kupanda kitini kupangusa picha ukutani. Ridhaa hiyo inamkuza shujaa na kumdhalilisha mwuaji: hata ushindi wake anaonekana kupewa.

Tofauti inajitokeza katika usawiri wa mwuaji. Utendi haumpi mwana jina, wala haumpi nafasi ya kusema alichokihisi kwa baba yake. Yeye ni chombo cha tamaa. Filamu inaingia nafsini mwa Ford. Tangu utotoni amehifadhi sandukuni vijitabu vya hadithi za Jesse, na anajihesabia mambo anayofanana naye. Anapomkaribia, anamkuta mtu mgonjwa, mwenye shaka, anayempiga mtoto ili kumtoa siri. Hata hivyo, kuona ukatili huo hakumponyi Ford. Shujaa wa vitabuni akishaporomoka, kinachobaki ni tamaa ya kukikalia kiti chake.

Baada ya mauaji, kazi hizi zinakutana tena. Mwana wa Liyongo anapoteza heshima aliyoahidiwa na kufa katika aibu. Ford anaigiza mauaji yale jukwaani mbele ya watu wanaolipa kiingilio, kisha wanamwita mwoga. Mwaka 1892 naye anauawa huko Creede, Colorado. Maiti ya shujaa nayo inaendelea kutawala. Liyongo amekufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji. Maiti ya Jesse inawekwa juu ya barafu, inapigwa picha, na picha zinauzwa. Kule maiti inatisha. Huku imekuwa bidhaa. Kote kuwili umma ulionufaika na kifo unamchukia aliyekitekeleza.

Filamu hii ina upungufu wake. Jesse wa historia alipigana upande wa waliotetea utumwa, jambo ambalo filamu inaligusa kidogo mno, na waliodhulumiwa naye hawapewi sauti ya kutosha. Isitoshe, kumkabidhi Brad Pitt nafasi hiyo kunaurudisha mlangoni utukuzaji uliofukuzwa dirishani. Pamoja na hayo, filamu inaupa uhakiki wa utendi swali lililopuuzwa. Tumezoea kuuliza Liyongo ni shujaa wa namna gani. Ni nadra kuuliza mwana alikuwa nani kabla ya sindano. Kumwita msaliti ni kweli, lakini ukweli huo ukiishia hapo unamsahau mtawala aliyeahidi, unausahau mji ulionyamaza, na unatusahau sisi wasomaji, tunaohitaji shujaa afe ili tuendelee kumsimulia.