Riveti ya breki haichaguliwi kwa ugumu

Lori lililojaa mikungu ya ndizi likitoka Marangu hadi Himo huteremka mamia ya meta kwa safari fupi. Dereva mjanja huweka gia nzito na kuiacha injini imshikie gari. Asiyejali hukanyaga breki njia nzima, na dramu zinafika chini zinanuka. Mzigo wote huo unaishia kwenye lainingi, ambayo katika malori mengi imefungwa kwenye kiatu cha breki kwa riveti.

Dukani mteja huuliza riveti ngumu. Hapo ndipo anapopotea. Lainingi ni ngumu lakini hupasuka upesi, kwa hiyo riveti yake inatakiwa ikubali kukunjwa bila kupigwa sana: shaba njano, alumini au chuma laini. Kwa magari yanayoteremka milima kila siku, mimi ningechukua shaba njano. Inavumilia joto kuliko alumini, na siku lainingi ikiisha hadi kichwa cha riveti kikagusa dramu, haiichimbi upesi kama chuma.

Umbo nalo lina neno. Riveti nzima, isiyo na tundu, inadai nyundo nzito, na pigo hilo linaweza kutia ufa usioonekana pembeni mwa shimo. Ndiyo maana riveti ya breki ina tundu mkiani: ukigonga panchi, mdomo hufunguka na kulala juu ya chuma cha kiatu. Kabla ya kugonga, mkia uchomoze nusu ya kipenyo chake au zaidi kidogo. Ukizidi mno riveti hupinda ndani ya shimo. Ukipungua, mdomo haushiki. Angalia pia kikalio cha kichwa kwenye lainingi. Kikiwa bapa, tia kichwa bapa. Kichwa cha faneli humo hukaa ukingoni tu na kupanua shimo kama kabari.

Shimo la kiatu likishakuwa yai, riveti nene si dawa, maana shimo la lainingi limebaki lilelile. Tafuta kiatu kingine.

Halafu mpangilio: anza riveti za katikati, uende ukitoka nje. Ukianza ncha zote mbili, lainingi inanyanyuka katikati, gari linapata breki ya vipande na joto linakusanyika sehemu chache. Pitisha fila geji nyembamba kati ya lainingi na kiatu. Ikipenya katikati, fungua urudie.

Popriveti iacheni kwenye bodi. Ni nzuri pale ambapo mkono haufiki nyuma, kama bati la alumini juu ya fremu ya bomba la mraba: ya milimita 4.8 huingia shimo la 4.9. Kwa mvua za Kibosho na Machame chagua iliyozibwa mwisho, kwa kuwa ya kawaida hupitisha maji katikati. Ila ndani ni tupu, haikuundwa kuhimili msukumo wa kiatu cha breki.

Ukinunua lori lililotumika, vua dramu kabla ya kulipa. Mifereji iliyojipanga sambamba, nafasi sawa na safu za riveti, inaonyesha mwenyewe alichelewa kubadili lainingi. Pigeni bei upya, mkihesabu na dramu.