Ustadi wa Silabi Sita

Mara ya kwanza niliposikia "Leka Dutigite" nilikuwa mwaloni Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, nikingoja mtumbwi wa abiria, na kijana aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye kichanja alikuwa ameitundika simu yake kwenye nguzo, ikiimba kwa sauti ya mkwaruzo kama bati lililopigwa na upepo. Na hata mtumbwi ulipofika, nafsi yangu haikuwa tena na haraka ya safari.

Mwaka ulikuwa 2012. Sauti zenyewe hazikuwa ngeni kwangu: Diamond Platnumz, Ali Kiba, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Peter Msechu, Baba Levo na wenzao. Lakini nilizijua moja moja, tena nikizihesabu kuwa mali ya Dar es Salaam. Kigoma All Stars, kundi lililowaunganisha, ambalo Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alilihimiza, na ambalo mwaka huohuo lilipanda jukwaani katika uwanja wa Lake Tanganyika, lilikuwa jipya masikioni mwangu. Na mahaba yaliyonishika yalikuwa ya kundi, si ya mtu mmoja. Basi na tuchunguze yalivyotengenezwa.

Taabu ya kwanza ya wimbo wa namna hii ni hesabu. Tukadirie wimbo wa dakika 4, yaani sekunde 240. Kibwagizo kikichukua theluthi, zinasalia 160. Na waimbaji wakiwa 12, kila mmoja hupata sekunde 13 na kitu. Katika mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, mapigo 16 humaliza sekunde 10. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuumiliki wimbo mzima hupewa nafasi ya kuingia, kusema neno lake, na kutoka kabla pumzi haijamwishia. Juu ya hayo, ufunguo ulio raha kwa koo la mwanamume aghalabu humbana mwanamke, ilhali ala haziwezi kubadili ufunguo kila aingiapo mtu.

Taabu ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza, ni kiburi. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, magwiji wa Marekani walipokusanyika Los Angeles kurekodi wimbo wa pamoja, "We Are the World", mtayarishaji wao Quincy Jones alitundika mlangoni tangazo la kuwataka waache majivuno yao nje. Kigoma ilishika njia iliyo kinyume kabisa: haikuyafukuza majivuno, bali iliyafanya kuwa kibwagizo, kwani maana ya "Leka Dutigite" kwa Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, ni "acha tujidai".

Hapo ndipo ulipo ustadi wote. Hesabu silabi: le-ka-du-ti-gi-te. Ni sita, zote wazi, kila moja ikiishia katika irabu, hata mtu asiyejua Kiha huweza kuzitamka bila ulimi kukwama. Tazama tena konsonanti zake: l ni sauti ghuna, k si ghuna, d ghuna, t si ghuna, g ghuna, t si ghuna. Laini na kavu hupokezana kama viganja viwili juu ya ngoma, na maneno yenyewe huwa yamekwisha kupiga mdundo kabla ala hazijaguswa. Wala hili si sadfa tupu. Kiha husema "tugende" kwa "twende", lakini husema "dukore" kwa "tufanye kazi", kwa sababu t ya kiambishi "tu", yaani "sisi", hulainika na kuwa d inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Kanuni hii ndiyo iliyozaa "du" katika "dutigite". Na kiambishi hicho kidogo ndicho kilichomaliza ugomvi wa kiburi: mwenye kuimba hakatazwi kujisifu, ila hujisifu kwa wingi, naye hana budi kuwabeba wenziwe wote ndani ya "du".

Majivuno katika wimbo ni mila kongwe kwetu. Ngoma ya beni, iliyotoka pwani ikaenea bara, iliishi kwa fakhari na mashindano ya pande mbili, Marini na Arinoti, kila upande ukitaka kuushinda mwingine kwa mavazi na gwaride. Mashabiki wa Diamond na wa Ali Kiba nao, baadaye, waligawanyika kambi mbili mfano wa hizo. Nayo Kigoma All Stars haikudumu kama bendi idumuvyo. Kila mmoja alirejea kwenye jina lake, nao wimbo ukabaki peke yake huku Kigoma, mwisho wa reli.

Hata hivyo ulibaki mahali pazuri. Jioni moja, barazani Ujiji, nilimsikia bibi mmoja mwenye asili ya Manyema, asiyejua Kiha, akichambua mchele huku akiuimba kwa "tutigite". Mjukuu wake akacheka: "Siyo tu, bibi. Ni du."

Bibi akapeta ungo mara mbili, akapuliza makapi, akasema: "Haya, baba. Na mimi nitieni humo humo kwenye du yenu."