Mkia wa Asidi Amino Tano: Jinsi Lisozimu Ilivyoboreshwa Dhidi ya Bakteria Wanaoozesha Samaki

Samaki aliyewekwa kwenye barafu huharibika kwa hatua mbili zinazopishana: kwanza vimeng'enya vya mwili wake huendelea kuvunja viambato vya misuli, kisha bakteria, hasa Shewanella putrefaciens na jamii ya Pseudomonas, huongezeka hadi nyama ikavunda. Harufu ya samaki wa baharini aliyechina hutokana kwa sehemu kubwa na trimethilamini, ambayo bakteria huizalisha wanapotumia oksidi ya trimethilamini iliyomo katika nyama kama mbadala wa oksijeni katika upumuaji wao. Barafu hupunguza kasi yao lakini haiwasimamishi, kwa kuwa wamezoea baridi. Ndiyo maana samaki wa maji ya joto, ambao wengi wa bakteria wao hawaihimili baridi, aghalabu hudumu kwenye barafu muda mrefu kuliko wale wa bahari za kaskazini.

Lisozimu, kimeng'enya kilichoelezwa na Alexander Fleming mwaka 1922 na kinachopatikana kwa wingi katika ute wa yai la kuku, ilikuwa na sifa za kuajiriwa katika kazi ya kuwaua bakteria hao. Ina asidi amino 129, na hukata kiungo kati ya sukari mbili zinazojenga peptidoglikani, yaani wavu unaoikinga seli ya bakteria isipasuke. Hata hivyo, waharibifu wakuu wa samaki ni wa kundi la Gramu-hasi, ambao wavu wao umefunikwa na utando wa nje wenye lipopolisakaridi, molekuli za mafuta na sukari zinazoshikamanishwa na ayoni za kalisi na magnesi. Kimeng'enya hakikukosa makali. Kilikosa njia ya kupita.

Kwa hiyo Hisham Ibrahim, Akio Kato na Kunihiko Kobayashi, waliofanya utafiti wao nchini Japani, waliiacha sehemu inayokata kama ilivyo na kuushughulikia utando. Mwaka 1991 waliripoti kwamba lisozimu iliyounganishwa kikemikali na asidi ya palmitiki, ambayo ni mafuta, iliweza kuwaua bakteria wa Gramu-hasi, ingawa mafuta yalipozidi, uwezo wa kimeng'enya kuyeyuka majini ulipungua. Usafi wa hatua iliyofuata ndio unaostahili sifa zaidi: mwaka 1994 ilielezwa lisozimu ambayo jeni lake lilirefushwa ili mwishoni mwa protini ziongezwe asidi amino tano zenye kuepuka maji (fenilalanini mbili, valini, alanini na prolini), kisha hamira ikatumiwa kuizalisha. Mkia huo mfupi huzama katika utando wenye mafuta na kuuvuruga, na kwa sababu umeandikwa katika jeni, kila molekuli huzaliwa nao mahali palepale, jambo ambalo kemia ya palmitiki haikuweza kulihakikisha.

Jaribio la mwaka 2001 liliongeza utata wenye manufaa. Asidi amino ya 52 ya lisozimu, asidi aspatiki, mojawapo ya mbili zinazofanya kazi ya kukata, ilibadilishwa kuwa serini. Ukataji ukatoweka, lakini uwezo wa kuua bakteria ukabaki. Kwa maneno mengine, sehemu ya nguvu ya protini hiyo ilitokana na chaji yake chanya na umbo lake, vinavyoivuta kwenye utando wenye chaji hasi, na wala si ukataji peke yake.

Kuihamishia kazi hii kwenye minofu ni suala jingine. Bakteria waliotumika katika jaribio la mkia walikuwa Escherichia coli, wakazi wa utumbo wenye joto, ilhali Shewanella huweza kuishi hata karibu na nyuzi sifuri, na bakteria wa baridi huongeza mafuta yasiyoshiba katika utando wao ili usigande, hivyo mkia uliofaulu kwa mmoja huenda usizame vilevile kwa mwingine. Chumvi za nyama nazo hupunguza mvuto wa chaji na kuuimarisha utando, ndiyo sababu lisozimu ya kawaida huchanganywa na EDTA, kiungo kinachonasa kalisi na magnesi. Na hata mkia ungefaulu kikamilifu, vimeng'enya vya samaki mwenyewe vingeendelea na kazi yao bila kuguswa.