Picha ya Habari Isiyochuja: Namna ya Kuipima

Picha nyingi za habari husahaulika kabla jua halijachwa. Chache hudumu kizazi hadi kizazi, zikafundishwa shuleni, zikachorwa ukutani, zikabebwa kwenye maandamano. Wengi hudhani zimedumu kwa sababu tukio lenyewe lilikuwa kubwa. Lakini matukio makubwa yasiyo na hata picha moja ya kukumbukwa ni mengi. Picha idumuyo ina sifa zake, na jicho la mtu yeyote linaweza kufundishwa kuzitambua. Mfano wangu mkuu ni picha aliyoipiga Sam Nzima wa gazeti la The World huko Soweto, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976, siku polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi waliopinga kufundishwa kwa Kiafrikaans.

Funika maelezo

Kwanza, ziba kwa mkono maandishi yaliyo chini ya picha. Je, bado unaelewa kinachotokea? Katika picha ya Nzima, kijana aliyevaa ovaroli anakuja upande wetu, amembeba mtoto aliyelegea mikononi mwake. Kando yao anakimbia msichana mwenye sare ya shule, kinywa wazi, kiganja amekikunjua hewani. Sare inakujulisha kuwa hawa ni wanafunzi, na mwili uliolegea unakujulisha kilichowapata. Mtu asiyejua Soweto iko wapi ataelewa. Picha isiyoeleweka bila maelezo inaweza kuwa ushahidi mzuri, ila haivuki mipaka.

Tazama mikono

Uso wa mtu hujipanga haraka mbele ya kamera. Mikono iliyo kazini haina nafasi hiyo. Mikono ya kijana yule, Mbuyisa Makhubo, imeshughulika na mzigo. Kiganja cha msichana, Antoinette, dada yake mtoto anayebebwa, kinasukuma kitu ambacho hakisukumiki. Hapo ndipo macho yangu huenda kila ninapoitazama picha hii. Watanzania nao wana mfano wao: Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwezi Aprili 1964. Wachache wanakumbuka hotuba za siku zile, ila mikono inayomimina udongo inajulikana hata kwa mtoto wa darasa la tatu.

Ulizia fremu jirani

Nzima alipiga fremu sita mfululizo. Tunayoijua ni moja, ambamo watu watatu wamekaribiana bila kuzibana, na macho yako yanahama kutoka kwa mmoja hadi mwingine bila kukwama. Fremu jirani pia hutusaidia kujua kama picha ilipangwa. Joe Rosenthal alipopiga picha ya askari wa Marekani wakisimamisha bendera kwenye kisiwa cha Iwo Jima, Japani, tarehe 23 Februari 1945, alishutumiwa kwamba aliwapanga. Kweli ilikuwa bendera ya pili kupandishwa siku hiyo, lakini filamu ya sinema iliyopigwa kando yake na Bill Genaust inaonyesha kwamba hakuna aliyewapanga.

Fuatilia safari yake

Picha haiwi maarufu ikiwa ndani ya kamera. Nzima alijua polisi wangemwamuru aharibu filamu, akauficha mkanda ndani ya soksi. Mkanda ukafika chumba cha habari, ukasafishwa, wahariri wakakubali hatari, na picha ikatoka siku ileile. Mashirika ya habari yakaieneza duniani. Kwa hiyo unapoisifu picha, mkumbuke pia mhariri aliyethubutu.

Ongeza ukweli

Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Funua sasa maelezo, usome kila kinachojulikana, kisha uitazame tena. Je, imekua au imesinyaa?

Ya Nzima hukua. Mtoto ni Hector Pieterson, wa miaka 12. Mwandishi Sophie Tema alimkimbiza kliniki kwa gari, lakini hakupona. Mbuyisa aliandamwa na polisi hadi akaikimbia nchi. Barua yake ya mwisho kwa mama yake ilitoka Nigeria mwaka 1978. Nzima naye aliihama Johannesburg, akarudi kijijini Lillydale, na hakupata hakimiliki ya picha yake hadi 1998. Hakuna hata jambo moja hapo linalopunguza picha. Kila moja linaiongezea uzito.

Linganisha na picha ya Eddie Adams, Saigon, wakati wa vita vya Vietnam, 1968: jenerali Nguyen Ngoc Loan akimpiga mfungwa risasi ya kichwa. Ina nguvu ya kutisha, na ilimpatia Adams tuzo ya Pulitzer. Hata hivyo, mwenyewe alijutia namna picha ile ilivyomhukumu jenerali bila kueleza yaliyotangulia. Ni picha kubwa, lakini naiweka chini ya ile ya Soweto, kwa sababu kadiri unavyojua zaidi ndivyo unavyolazimika kuitetea.

Tangu 1991, tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na picha ya Nzima ni sehemu ya sababu ya tarehe hiyo kukumbukwa barani kote. Basi picha ya habari ikikusimamisha leo kwenye simu, usikimbilie kuiita ya kihistoria. Tafuta aliyeipiga, mahali, tarehe, na majina ya waliomo. Ikistahimili majibu hayo, itunze. Na ukiisambaza, isambaze pamoja na majibu hayo.