Damu Ilipimwa, Hesabu Haikupigwa

Kumtoa mgonjwa damu kama tiba kulikuwa na ufundi wake. Mkono ulifungwa utepe juu ya kiwiko mpaka mshipa ukatuna, kijembe chembamba kikautoboa kwa pigo moja, damu ikakingwa kwenye bakuli na kupimwa kwa aunsi. Chuku ya mwambao hunyonya damu kidogo ya kwenye ngozi; hapa ulifunguliwa mshipa wenyewe.

Hoja ilitegemea mafundisho ya tabibu Galen wa enzi za Warumi: mwili una damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Homa na uvimbe vilihesabiwa kuwa ni damu iliyozidi, basi ipunguzwe.

Usiku wa kuamkia Desemba 14, 1799, huko Mount Vernon, Marekani, rais wa kwanza wa nchi hiyo, George Washington, aliamka koo limembana, pumzi zikipita kwa taabu. Alikuwa na miaka 67. Bila kungoja daktari, alimwita msimamizi wa shamba, George Rawlins, aliyezoea kuwatoa damu watumwa wa hapo. Rawlins aliingiwa na hofu. Mgonjwa ndiye aliyemtuliza, akalalamika kwamba tundu ni dogo. Mkewe, Martha, alisihi isitolewe nyingi. Ilitoka kama nusu painti.

Kisha akaja Dkt. James Craik, akamtoa damu mara mbili. Alasiri, walipofika madaktari wengine wawili, ikatolewa tena, aunsi 32, nayo ilichuruzika polepole, nzito. Mmoja wao, Elisha Dick, alipendekeza koo litobolewe ili hewa ipite, wenzake wakakataa. Wachambuzi wengi wa leo wanadhani kidakatonge kilikuwa kimevimba, kwa hiyo huenda pendekezo hilo ndilo pekee lililolenga penye tatizo.

Washington alifariki kati ya saa 4 na saa 5 usiku. Makadirio ya baadaye yanafikisha damu yote kwenye aunsi 80 hivi, zaidi ya lita 2. Kila awamu ilikuwa na kipimo chake. Ni jumla iliyokosa mwenyewe.

Baadaye, huko Paris, daktari Pierre Louis aliamua kuhesabu wagonjwa badala ya aunsi. Alichukua 77 wa nimonia. Kati ya 41 waliotolewa damu ndani ya siku 4 za mwanzo, walikufa 18. Kati ya 36 waliotolewa baadaye, walikufa 9. Matokeo kamili aliyachapisha kitabuni mwaka 1835, na bado, kwa wagonjwa mahututi, aliendelea kushauri mshipa ufunguliwe.