Besi inayoogelea

Jumapili moja mwaka jana, baada ya ibada katika kanisa letu la Wakongo hapa Makindye, mpiga solo wetu alinivuta pembeni. Ni kijana wa maneno machache. Akaniambia, "Yaya, leo besi yako ilikuwa inaogelea. Hatukujua mguu tuweke wapi."

Niliumia sana. Siku hiyo ndiyo nilikuwa nimeleta kisanduku changu kipya cha efekti. Wiki nzima nilikisikiliza kwa hedifoni chumbani, nikajiona nimeshafika Kinshasa. Kumbe mbele ya watu, seben ilipoanza, nilizama.

Tangu hapo najiuliza: kifaa hiki kinafaa muziki wetu au kinauharibu?

Kwa wasiokijua, ni kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Waya wa gita la besi unaingia upande mmoja, waya wa kwenda kwenye spika unatoka upande wa pili. Ndani kuna kompyuta ndogo. Inapima sauti ya gita maelfu ya mara kwa sekunde (vingi hupima mara 44,100), inaigeuza kuwa namba, inazichezea namba zile, kisha inairudisha kuwa sauti. Zamani kila efekti ilikuwa na kisanduku chake. Sasa mwangwi, kompresa, kuchafua sauti, kulifanya gita moja lilie kama mawili, vyote viko pamoja. Zoom na Boss za Japani hutengeneza vya aina hii, na ninayosema yanahusu aina nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutumia zile sauti zinazokuja tayari kutoka kiwandani. Ni tamu, lakini zimepangwa kwa mtu anayepiga peke yake, amevaa hedifoni, anajaribu kifaa. Zinajaza kila mahali. Na kazi ya besi katika seben si kujaza.

Sikiliza "Malako" ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, ya miaka ya mwanzo ya 1980. Usisikilize noti za besi, sikiliza mahali ambapo besi imenyamaza. Inaruka, inakata, inaacha shimo, inarudi. Kiuno cha mchezaji kinaingia katika lile shimo. Sasa weka mwangwi pale: noti iliyokwisha inaendelea kulia, shimo linafunikwa. Ongeza kompresa kali: ile noti iliyokufa, unayoigusa kwa kidole bila kuiacha ilie, inainuliwa hadi kulingana na noti hai. Hapo kila kitu kinasema kwa sauti moja, na hakuna kinachosikika. Ndiyo maana ya kuogelea. Yule kijana alikuwa sahihi.

Kosa la pili lilikuwa la spika. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya kanisa letu haiwezi kuitoa sauti ya chini kiasi hicho. Inahangaika tu, inapiga kelele. Hedifoni ilinidanganya, kwa sababu yenyewe iko sikioni.

Basi nilirudi nyumbani nikazima karibu kila kitu. Nilibakiza mambo mawili. Nilikata zile sauti za chini kabisa ili spika ipumue. Kisha nikachafua sauti kidogo sana, mtu asijue kwamba imechafuliwa. Uchafu huo unaongeza sauti za juu za noti ileile, na sikio likizisikia hizo linajaza lenyewe ile ya chini inayokosekana. Kompresa niliiacha kwa kiasi cha chumvi. Mwangwi, hapana. Jumapili iliyofuata kijana wa solo hakusema neno, na kwake hiyo ni sifa.

Kwa hiyo kama mwalimu wa sauti, kisanduku hiki nakipa alama za chini. Hakijui seben. Anayejua ni wewe.

Lakini kuna upande mwingine ambao sikuutegemea. Ninaishi chumba kimoja na familia yangu, ukuta wa jirani ni mwembamba. Mama mwenye nyumba alishanionya mara mbili juu ya kelele, na sisi wakimbizi wa mjini kodi tunajilipia wenyewe, ukifukuzwa, umefukuzwa. Kwa miaka miwili nilikuwa nafanya mazoezi kanisani tu, siku ya Jumamosi. Sasa watoto wakilala navaa hedifoni. Simu naichomeka pembeni, wimbo unaingia, napiga juu yake. Umeme ukikatika, kuna betri nne ndogo. Kina kipima nyuzi, na ngoma za ndani za kunishika nisikimbie. Nimejifunza nyimbo nyingi zaidi mwaka huu kuliko miaka miwili yote ile, na jirani hajasikia hata moja.

Nikipiga usiku hivyo huwakumbuka waliopita mji huu kabla yetu. Orchestra Makassy ilikuwa hapa Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1970. Mapangala naye alipita hapa kabla ya kufika Nairobi mwaka 1977. Hawakuwa na kisanduku cha kompyuta. Walikuwa na bendi, na mahali pa kupigia kwa sauti. Sisi wengi wetu tunacho kisanduku na hatuna mahali.

Hapa nawageukia ninyi wa miradi. Kisanduku changu sikukinunua. Kililetwa na mradi mmoja wa sanaa, viwili na kingine cha gita, tukapigwa picha navyo. Nashukuru, na sitanii. Lakini siku ile nyuzi za besi langu nilikuwa nimezichemsha kwenye sufuria mara ya tatu ili zipate uhai, na spika ya kanisa ilikuwa imepasuka. Hakuna aliyeuliza. Mtu angeniuliza, "Unafanya mazoezi saa ngapi, na wapi?" jibu lingetoka hapohapo: usiku, kimya, chumbani, halafu Jumapili, spika mbovu. Swali hilo halina gharama.

Na ninyi wenzangu wa Nakivale na Kyaka II, kikiwafikia kisanduku kama hiki, msikiogope. Pigeni kwanza kikiwa kimezimwa, mpaka mashimo yenu yasikike. Ndipo muwashe kitu kimoja.