Mtumwa alifungwa na nani?

Neno 'mtumwa' lina siri ya kisarufi. Limetokana na kitenzi 'tuma' katika kauli ya kutendwa: 'tumwa'. Yaani hata kabla hatujasimulia mateso yake, lugha imeshamweka upande wa mtendwa. Kauli hiyo nayo ina hila. Ukisema 'walifungwa', sentensi imetimia. Si lazima uongeze 'na fulani'. Mtenda anaponyoka hivi hivi.

Hebu tuitazame hila hiyo katika sanamu ya ukumbusho wa watumwa iliyoko Mkunazini, Unguja, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana. Hapo palikuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Msanii Clara Sörnäs kutoka Uswidi aliunda watu watano, akawasimamisha ndani ya shimo, mnyororo shingoni. Aliyewafunga hayupo. Mtu anaweza kulalamika: kwani sisi tuoneshwe unyonge wa mababu tu, mkosaji afichwe?

Lalamiko hilo lina uzito, ila naona linasahau shimo. Ili uwaone watu wale sharti usimame ukingoni uwatazame kutoka juu, jinsi mnunuzi alivyowatazama. Nafasi ya 'na fulani' iliyoachwa wazi unaijaza wewe mtazamaji. Ndiyo maana mtu huona haya pale bila kuambiwa neno.

Linganisha na sanamu ya Dedan Kimathi jijini Nairobi, iliyozinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Picha maarufu zilizopigwa alipokamatwa mwaka 1956 zinamwonyesha amelala, mikono imetiwa pingu. Sanamu imemwinua: bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Hiyo ni kauli ya kutenda, na shujaa yule aliistahili. Lakini pingu zilipoondolewa, aliyezitia naye kaondoka nazo. Mtoto apitaye pale atajua kwamba Kimathi alipigana. Hatajua alitendwa nini, wala na nani.

Tunapenda sanamu za washindi, na hakuna ubaya. Hata hivyo, wachongaji wetu wasiogope kumchonga aliyeshindwa. Wamchonge, mradi watuachie mahali pa kusimama na kuuliza lile swali la sarufi: na nani?